Mwalimu Kamala Aliyekuja Kuniombea Skuli

Mwanangu, nikikaa peke yangu nnakumbuka alasiri moja ya Ghubra, mtaa wetu hapa Maskati, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kila nikiikumbuka hucheka kwanza, halafu machozi hunitoka. Ndiyo siku niliyoombwa. Si kuposwa, ingawa mama yangu alidhani hivyo. Niliombwa nipelekwe skuli.

Nilikuwa mwari, nimemaliza sekondari, na alama zangu hazikunifikisha chuo kikuu cha hapa Maskati. Nyumba ya pili yetu akikaa Mwalimu Kamala, mwanamke wa Kihindi, mtu mzima, asubuhi akisomesha watoto wa kwao na jioni akinifundisha mimi Kiingereza. Kiswahili alikiokota kwa Bibi yangu mzaa baba, kwa hivyo alisema cha kikongwe khasa. Ukimsikia bila ya kumwona, utadhani kazaliwa Unguja mjini.

Yeye alisoma katika skuli ya wasichana huko kwao Bara Hindi, ya mwanzo kabisa katika mji wao, na hadithi yake alikuwa hachoki kuisimulia. Skuli hiyo iliasisiwa na mjane. Zamani hizo, huko kwao, watu waliamini kuwa mwanamke akishika kitabu mumewe hufa. Mjane yule akawajibu kuwa mume wake alikwisha kufa, na yeye wakati huo hakuijua hata herufi moja, basi wasivisingizie vitabu. Akafungua darasa ndani ya zizi la ng'ombe lililohamwa. Asubuhi gari la ng'ombe lenye pazia likipita nyumba kwa nyumba kuwachukua wasichana, na watu wa njiani wakilirushia majivu na maganda. Ndani ya gari lile alikuwamo bibi yake Mwalimu Kamala.

Wasichana wale wa mwanzo walipomaliza, walitaka kumpa mwalimu wao zawadi, akakataa. Aliwaambia kila mmoja aende kwenye nyumba moja ambayo binti kazuiliwa, akamwombe kwa wazee wake, kwa adabu, mpaka apewe au afukuzwe. Ikawa mila. Aliyetoka skuli ile hahesabiwi kuwa kamaliza mpaka awe ameomba binti wa mtu. Miaka ikapita, skuli ikakua, ikazaa na chuo ubavuni mwake, na chuo hicho ndicho Mwalimu Kamala alichonitakia.

Nilipomwambia Baba, akakataa. Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi yake serikalini na heshima yake, lakini sisi tuliorudi kutoka Unguja tulikuwa bado tunayaogopa macho ya jamaa ambao hawakuwahi kuondoka Omani. Akisema watu watatusema, Wazanzibari hawa mabinti zao wamewaachia ovyo. Nami nikanyamaza. Nikamwendea Mwalimu Kamala nikamwambia yamekwisha, na kwa kiburi changu nikaongeza kuwa hata mimi sikuwa na hamu sana. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Akaingia ndani kwake.

Ijumaa yake, baada ya sala ya alasiri, akabisha hodi kwetu. Kavaa sari nyeupe, imenyooka kwa pasi. Baba na Bibi wako ukumbini. Mama akatoa halua, akammiminia mgeni kahawa. Mwalimu Kamala akaipokea finjani kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake, wala hakuigusa tena.

Baba na Bibi wakatazamana. Nyinyi wa siku hizi labda mmesahau: kwa Waarabu, mgeni akiiacha kahawa yake basi ana haja, na hanywi mpaka ajibiwe. Tena ni jambo la wanaume hilo, la kuposa na kusuluhisha ugomvi mkubwa. Mama akanijia jikoni mbio, akaninong'oneza, “Kwani huyu ana mtoto wa kiume?” Masikini mama yangu. Mwalimu Kamala hata mume hakuwa naye.

Akaisema haja yake. Akaeleza habari ya lile gari lenye pazia, na ya bibi yake, na ya ile mila. Akasema kuwa yeye tangu amalize hajawahi kuomba binti hata mmoja, kwa kuogopa kufukuzwa, na sasa kichwa kimeingia mvi. Baba alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akamwambia kuwa neno lake keshalitoa. Mwalimu Kamala hakuinuka. Kahawa ikapoa mbele yake.

Mimi nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni, nasikia yote. Bibi akaniita. Nikatoka, kichwa chini.

“Mtaka cha mvunguni huinama,” Bibi akasema, wala hakupaza sauti. “Wewe wataka akuinamie mtoto wa watu? Huyu si dini yako, si kabila yako, kaja kujishusha kwa ajili yako, nawe umejificha. Kama hukitaki, mwambie anywe kahawa yake aende zake. Kama wakitaka, sema, baba yako akusikie.”

Wallahi, maneno yale yaliniuma kuliko kofi.

“Baba, nnataka kusoma,” nikasema. “Nilimwambia Mwalimu sina hamu kwa sababu sikuweza kukusikia unanikatalia mara ya pili.”

Baba akainamisha macho kwenye zulia. Halafu akamuuliza Mwalimu Kamala ni nani atakayenipokea huko. Mwalimu akajibu kuwa atachukua likizo anipeleke mwenyewe mpaka mlangoni, na kwamba dada yake anakaa karibu na chuo, atakuwa ndiye mzee wangu. Baba akaupangusa uso kwa kiganja.

“Kunywa kahawa yako, mwalimu,” akasema.

Bibi hakukubali mgeni anywe kahawa baridi. Akammiminia nyingine, naye akainywa huku analia, mama akilia, na mimi, kwa kutojua la kufanya, nikaimaliza halua ya wageni.

Sikwambii kuwa kule kulikuwa pepo. Maji ya kukoga baridi, pilipili kila mlo, na mwezi wa mwanzo nililia mpaka nikachoka mwenyewe. Lakini zizi lile lipo hadi leo, limepakwa chokaa, na kila mwanafunzi mgeni siku yake ya mwanzo hukalishwa mle, sakafuni. Nilipokaa niliwafikiria wale waliorushiwa majivu. Hawakunijua, hawakujua hata kama Maskati ipo, na mahali pangu walikuwa wameshaniwekea. Niliwapenda kama ndugu zangu.

Nikarudi, nikawa mwalimu. Miaka ya elfu mbili Mwalimu Kamala alistaafu, nikampeleka uwanja wa ndege. Kabla ya kuingia ndani akanishika mashavu akaniuliza, “Umeshaomba?” Nikamwambia bado. Akasema, “Basi fanya haraka, mwana wa kwetu.”

Nilikwenda Mawaleh, kwa muuza matunda mmoja wa sokoni, aliyemtoa skuli binti yake mkubwa ili alee wadogo zake. Akanikatalia. Nikarudi, akanikatalia tena, safari hii kwa ukali, lakini mkewe aliponisindikiza akanibana mkono akaniambia nisichoke. Nikarudi tena, nikapewa. Binti yule alisoma hapahapa kwetu, leo ni mkunga. Juzi kanipigia simu kunambia kuwa naye kaenda kuomba nyumba moja upande wa Rusayl, na kapewa. Nikamuuliza huyo mtoto anaitwa nani. Akacheka.

“Huyo ni wangu, mama,” akasema. “Wewe wako ni mimi.”

Basi nnakuusia, mwanangu. Ukiitaka kheri, itamke kwa ulimi wako, usimwachie mwingine akuombee nawe umenyamaza kwa kuogopa kukataliwa. Na ukishaipata, usikae ukadhani umemaliza. Iko nyumba unayoijua wewe, nisiyoijua mimi, ina binti kakalishwa ndani. Nenda kwa adabu. Wakikufukuza, rudi. Mungu akufungue ulimi, azilainishe nyoyo za wazee utakaowaendea, na huyo utakayemtoa akuombee dua siku ambayo wewe huwezi tena kujiombea. Amin.