Miguu ya Cherehani

Daktari alipomwambia kwamba mfupa wake haukuvunjika bali umechoka, fundi Pindo alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Alikwisha kusikia habari za watu waliochoka, punda waliochoka, hata kitambaa kilichochoka mpaka hakishiki uzi. Mfupa kuchoka ulikuwa ugonjwa mpya, wa watu wa siku hizi, kama magonjwa yao mengine. Lakini daktari, mwanamke kijana mwenye subira, aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Katikati ya mfupa wa muundi, chini ya goti, palikuwa na ufa mwembamba kama uzi wa hariri.

"Umekuwa ukifanya nini, mzee wangu?"

"Nakimbia."

"Unakimbia nini?"

Kwa kusema kweli, alikuwa akiukimbia mgahawa.

Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilisimama kando ya dirisha tangu siku walipofungua duka yeye na marehemu mkewe. Hapo zilishonwa suti za maharusi, mapazia, sare, na vigauni vya watoto ambao leo ni watu wazima na wanavaa nguo za mafundi wasiowahi kuwaona. Zamani fundi alikupima. Alijua bega lako moja limeshuka na tumbo limeanza kukutangulia, akalificha jambo hilo ndani ya mshono, na siri ikabaki kwenu wawili. Sasa nguo huja imekwisha kushonwa, na mwili ndio unaotakiwa kuifuata. Kazi iliyobaki ni kukunja pindo za suruali ndefu mno, na ndipo mzee wa watu alipopewa jina la Pindo. Kijana mmoja aliwahi kuleta suruali iliyotatuka magotini ipunguzwe urefu. Fundi akapunguza, na kwa wema wake akatia viraka viwili safi, bure. Kijana nusura alie. Kumbe suruali iliuzwa imeshatatuka, na matundu ndiyo yaliyoipandisha bei.

Duka sasa lilikuwa mikononi mwa binti yake, mtu wa kazi na asiye na maneno mengi. Alihitaji mahali pa kuweka mashine ya kuovaloki, ile ya kuziba kingo za nguo zisifumuke, na pembe pekee yenye mwanga ilikaliwa na cherehani. Jirani mwenye mgahawa alikuwa ameitolea macho. Si kwamba alitaka kushona. Alitaka miguu yake ya chuma yenye maua, aiwekee kioo juu, wateja wanywee kahawa hapo.

Pindo aliuliza kama ndiyo heshima, watu kuweka vikombe juu ya mashine iliyowavisha baba zao. Binti akamjibu taratibu kwamba mashine haijakanyagwa siku nyingi, na kwamba miguu ya kuikanyagia nayo imezeeka. Hapo shemeji yake, kaka wa marehemu, dereva mstaafu aliyekuja kila asubuhi kusoma gazeti asilolinunua, akaona pa kuingilia.

"Msikilize mwanao, shemeji. Miguu hiyo imebaki ya kuvalia soksi." Akanyoosha kidole dirishani, kwenye bango la mbio lililobandikwa ukuta wa pili. "Au unakwenda kushindana na wale?"

Pindo akikasirika akili humtoka. Akasema ndiyo, anakwenda. Ilikuwa nusu marathoni, maana siku hizi hata mbio hukatwa vipande kama mkate. Binti akacheka, kisha akaona baba yake hacheki.

"Haya, baba. Ukimaliza, cherehani haitoki humu maisha yangu yote. Usipomaliza, inakwenda mgahawani."

Basi akaanza mazoezi. Alikimbia juu ya lami kila alfajiri, bila siku ya kupumzika, ndani ya viatu vyake vya ngozi vyenye soli ngumu, kwa kuwa raba aliziona ni za watoto. Muundi ulipoanza kuuma akaukemea. Ulipozidi, akaufunga kitambaa akaongeza mwendo. Matokeo yake ndiyo ile picha dirishani.

Daktari alimpiga marufuku kukimbia hadi ufa uzibe. Kwanza apumzike, baadaye atembee, kisha akimbie polepole kwenye udongo, na anunue viatu vya maana. Maumivu yakiisha kabisa, kama anataka kulinda pumzi, angeweza kukanyaga baiskeli isiyokwenda popote, tena kwa wepesi. Pindo alisikia yote isipokuwa neno la mwisho. Njiani kurudi alitabasamu peke yake. Baiskeli isiyokwenda popote alikuwa nayo nyumbani.

Kwa hiyo, maumivu yalipokwisha, sauti ya cherehani ikarudi dukani. Majirani walidhani kazi imepatikana. Kumbe mzee alikuwa anashona vitambaa vibovu, kimoja baada ya kingine, bila kwenda kokote, na vilipokwisha akang'oa sindano na kukanyaga mashine tupu. Enzi zake, mwanafunzi aliyekanyaga mashine tupu alitolewa nje kwa sikio, kwa kuwa chuma bila kitambaa hujitafuna chenyewe. Sheria hiyo aliitunga yeye. Sasa aliivunja kila siku baada ya chai, akihema, jasho likidondoka kwenye mbao. Alipoona kazi imekuwa nyepesi, akakaza mkanda wa gurudumu na kufunga pasi ya mkaa juu ya pedeli ili iwe nzito.

Shemeji akachungulia kwa juu ya gazeti. "Umefika wapi sasa?"

"Karibu na kwenu."

"Ukifika wasalimie."

Mguu ulipona. Daktari mwenyewe alishangaa, akamruhusu atembee na kukimbia kidogo kidogo. Binti akamletea raba mpya ndani ya boksi, akaziweka juu ya meza ya kukatia, ingawa alikuwa akimsaidia baba ampokonye ile pembe. Mambo yalikuwa yamenyooka. Ndipo siku moja, katikati ya mazoezi, pedeli ikatoa mlio kama wa kijiti kikavu, na mashine ikanyamaza.

Aliinama, akapapasa. Chuma kilikuwa na ufa katikati. Aliujua ufa ule, alikuwa ameuona dirishani kwa daktari.

Aliifungua pedeli, akaifunga kwenye gazeti la shemeji, akaipeleka kwa mchomeleaji. Yule akaigonga, akatikisa kichwa. Kilikuwa chuma cha kumimina, akikitia moto kitapasuka pembeni, na wanaotengeneza kingine kama hicho hawapo tena. Pindo akarudi, akairudisha mahali pake, akaifunika mashine kwa shuka. Binti alipouliza kulikoni kimya, alisema sasa anafanya mazoezi ya nje.

Na alikwenda kukimbia hivyo hivyo. Afanye nini? Hakukuwa na wa kumwambia kwamba anakwenda kupigania cherehani iliyokwisha kufa.

Siku ya mbio alizungukwa na vijana waliovaa nguo za kubana na saa za kuwaarifu kama wamechoka. Walimpita wote. Wakampita akina mama waliokuwa wakipiga soga, akampita na bwana mmoja aliyesukuma mtoto kwenye kigari. Alikimbia pale alipoweza, akatembea pale muundi ulipomkumbusha, na kwa sehemu kubwa ya njia alikuwa yeye na wafagiaji wa barabara waliokusanya chupa nyuma yake. Alipoiona milingoti ya mwisho, wafanyakazi walikuwa wanaikunja bendera. Mlingoti mmoja ulikataa kung'oka. Shemeji alikuwa ameukumbatia kwa mikono miwili, akibishana na kijana wa kamati, na hakuuachia mpaka Pindo alipopita.

Binti alimpokea kwa taulo. "Haitoki, baba."

Pindo alitaka kufurahi, akashindwa. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akavua raba. "Mwanangu, ile pedeli..."

"Najua. Nilisikia siku iliponyamaza."

"Mbona hukusema?"

"Ungeacha kukimbia."

Hakuna aliyevunja ahadi. Cherehani ilibaki pembeni mwa dirisha, na kwa kuwa mashine ya kuovaloki nayo ilihitaji mwanga, na mahali pengine hapakuwepo, ikawekwa juu yake. Pindo hushonea pindo zake kando, kwa mkono.

Juzi mwenye mgahawa alileta suruali. Akazunguka ile pembe mara mbili, akainama kutazama maua ya chuma.

"Mzee, meza nzuri sana hii."

Pindo alikata uzi kwa meno. "Si meza hiyo. Imechoka tu. Imeambiwa ipumzike."