Sheria mpya yamtaka Ndaya afe

LIKASI, Oktoba 1998 — Saa saba mchana, Jumamosi, Gertrude anazungusha mkono wa roneo, mashine ya kunakili karatasi, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa parokia. Umeme wa bwawa la Mwadingusha umekatika tangu juzi, lakini mashine hii haina habari na umeme, inataka bega la Gertrude tu. Karatasi za nyimbo za misa ya kesho zinatoka moja moja zikiwa zimelowa wino, naye anazitandaza kwenye benchi zikauke.

Mara anaacha, anafuta vidole kwa kitambaa, anautazama mlango. Kisha anarudi kuzungusha. Nyimbo hazimsumbui, amezichapa tangu usichana wake. Kinachomkosesha raha ni kitabu kipya chenye jalada linalong'aa, alichokifunika kwa kitenge mezani ili asikione.

"Tangu semaine ya kupita usingizi haikuye," anasema. "Batu batacheka, batasema mama muzima analia juu ya jeu. Bacheke tu."

Na kweli, kisa cha mtu mzima kulilia jeu, yaani mchezo, ukisimuliwa juujuu utacheka. Ngoja kwanza umsikie.

Gertrude ni mpiga taipu wa parokia. Mshahara wake siku hizi ni maharagwe na sabuni, mwezi ambao vimepatikana. Lakini Jumamosi alasiri, mashine ikishapumzika, anakuwa msimulizi wa mchezo uitwao Vivuko Saba.

Si mchezo wa mbio wala wa mpira. Watu wanakaa kuzunguka meza, kila mmoja na karatasi inayomweleza mhusika wake: jina lake, nguvu zake, silaha yake, woga wake. Gertrude anasimulia: mmefika mtoni, maji yamejaa, ng'ambo kuna moto unawaka, mnafanyaje? Kila mtu anasema atakalofanya mhusika wake, kisha dadu inatupwa, na dadu ndiyo inayoamua kama utavuka au utazama.

Sanduku la mchezo huo liliachwa na familia moja ya Wabelgiji walioondoka baada ya uporaji wa mwaka 1991. Lilitupwa stoo ya parokia pamoja na viatu vya watoto. Gertrude alilifungua akitafuta karatasi tupu za kuchapia, akakuta kitabu cha Kifaransa, akakisoma mpaka giza likamzuia. Dadu zilikuwa zimepotea. Barthélemy, fundi wa mtambo wa shaba aliyekuwa amekaa nyumbani bila kazi, akachonga moja kwa tupa kutoka kipande cha shaba, yenye nyuso ishirini, nzito kama jiwe la mizani.

"Tulikuwa batu kidogo na njala moja," anakumbuka Albertine, muuza unga wa sokoni, ambaye hakosi Jumamosi hata moja. "Lakini saa ya jeu, njala ilikuwaka inasahau njia ya kutufikia."

Kulikuwa pia na Estelle na kaka yake Joachim. Estelle alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amezaliwa papa hapa Likasi na baba aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Mhusika wake aliitwa Ndaya, mwanamke wa kuvusha watu. Ndaya hana upanga. Ana upondo na mtumbwi, na mdomo usiojua kunyamaza. Wanaomjua Estelle wanasema hakuhangaika sana kumbuni.

Mwaka 1993, wakati wenye asili ya Kasai walipoambiwa kwamba hapa si kwao tena, Estelle alilala majuma mengi kwenye uwanja wa stesheni, na maelfu ya wengine, akingoja treni. Joachim yeye hakwenda. Barthélemy alimficha nyumbani kwake Kikula, nyuma ya magunia ya makaa, huku vijana wakipita mlangoni wakiuliza Wakasai wako wapi. Barthélemy ni Mkatanga wa asili, na kwa kumficha Joachim angeweza kuchomewa nyumba.

Gertrude alikwenda stesheni na sufuria ya bukari, ugali wa huku. Estelle akatoa karatasi ya Ndaya kwenye kifua cha nguo yake, amwachie amtunzie.

"Akaniambia: yaya, unichungiaka Ndaya. Usimuache akufe." Gertrude anageuza karatasi moja ya nyimbo. "Njo bile tu. Treni ikaenda."

Mfanyakazi mmoja wa reli alileta habari kwamba Estelle alionekana Mwene-Ditu akiwa hai. Baada ya hapo, kimya hadi leo.

Ndaya lakini yupo. Kitabu cha zamani kina sheria iitwayo sheria ya kivuli: mchezaji asipokuwepo, mhusika wake hutembea katika kivuli cha wenzake mpaka atakaporudi. Kwa hiyo kila Jumamosi kiti cha Estelle kinavutwa mezani, na ikifika zamu ya Ndaya, wenzake wanamtupia dadu kwa kupokezana. Joachim peke yake hajawahi kutupa. Dadu ikimfikia anaipitisha kwa Albertine, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu.

Halafu kikaja hicho kitabu cha jalada la kung'aa.

Kimeletwa na Théophile, mwanafunzi wa Lubumbashi aliyekuja kumsalimu mama yake, mwimbaji wa kwaya. Alitumiwa kitabu hicho na mjomba wake aliyeko Brussels, akaona awafurahishe wazee wa Jumamosi. Masikini, hakujua anapeleka nini. Nyumba ndogo ya uchapishaji ya Liège, Ubelgiji, iliyotunga Vivuko Saba imeuzwa. Mnunuzi ni kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea, nayo imeandika sheria upya. Ukurasa wa kwanza unasema kwa herufi nene: toleo hili linafuta na kuchukua nafasi ya matoleo yote yaliyotangulia. Chini yake: ni marufuku kunakili bila ruhusa ya mwenye mali.

Jamani, sentensi kama hiyo mtu wa Likasi haisomi ameketi. Hapa noti zimefutwa mara ngapi? Zaire ikafutwa na zaire mpya, mwaka huu ni zamu ya franki, na mwaka jana nchi yenyewe imebadilishwa jina. Kila mara aliyechelewa alibaki na karatasi za kuwashia makaa.

Basi Jumamosi iliyopita Barthélemy akaja na karatasi ya mhusika wake, ameipiga pasi, akauliza inabadilishwa kwa nani. Albertine akataka kujua siku ya mwisho.

"Date ya mwisho ni gani?" alisema. "Minye sitaki tena kubakia na karatasi ya kufa."

Théophile akacheka. "Mama, hii haiko franga. Polisi ya jeu haiko."

Gertrude hakucheka. Kurasa za kitabu cha zamani zilipochakaa alizinakili zote, kwa roneo ya parokia na kwa wino wa parokia. "Ile kampuni ikiandikia Padri, mi nitasema nini? Bakinifukuza hapa, naenda wapi?"

Lakini la Padri si kubwa kuliko yote. Kubwa liko katikati ya kitabu. Sheria ya kivuli haipo tena. Badala yake imeandikwa kwamba mhusika ambaye mchezaji wake amekosa vikao vitatu atapigiwa dadu na meza, yaani wachezaji wenzake, na ikitoka chini ya kumi, amekufa. Estelle amekosa miaka mitano.

Saa tisa wachezaji wanaingia. Barthélemy anavuta kiti cha Estelle kama kawaida, halafu anakitazama kana kwamba amekosea. Albertine anakuna mikono. Théophile anasimama ukutani, hana raha hata kidogo. Upande wa pili wa ukumbi kwaya inajaribu wimbo, inakosea, inaanza tena.

Ajabu ni kwamba anayeitetea sheria mpya kwa nguvu zote ni Joachim, kaka mtu. Zamani alikuwa karani, siku hizi anashona viatu sokoni.

"Mi ninajua vile inakuwaka ukibakia na bya zamani," anasema, na sauti yake inapanda. "Karatasi ya zamani, jina ya zamani, banakutosha inje mu nyumba yako. Kama balibadilisha, tubadilishe. Bintu bikuwe en règle, bifuate sheria."

"Joachim, ni dada yako," Barthélemy anasema polepole.

"Juu ni dada yangu! Minye nimechoka kuogopa, papa Barthélemy. Nimechoka."

Gertrude anakiondoa kitenge juu ya kitabu. Anachukua dadu ya shaba, anaisukuma kwa Joachim.

"Bon. Sheria inasema meza itupe. Basi tupa weye."

Joachim anaichukua. Ni mara ya kwanza kuishika bila kuipitisha. Anaitikisa, anaacha, anaitikisa tena. Hakuna anayemhimiza.

"Munajua juu ya nini nilikuwaka napitisha?" anauliza, hamtazami mtu. "Niliogopa nitatupa mubaya. Miaka yote niliogopa ile tu. Na sasa munataka..." Anafumba ngumi. "Hapana. Siwezi kumuzika dada yangu na mukono yangu."

Anainuka, anaiweka dadu kwenye kiti cha Estelle. Albertine analia waziwazi, wala haufichi uso wake.

Gertrude anakifunga kitabu, anamrudishia Théophile kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. "Ni kitabu ya muzuri, mutoto yangu, minye sikasirike. Lakini bale balionunua, Ndaya habamujue."

Hofu haijamtoka, na hasemi imemtoka. Kesho baada ya misa atakwenda kwa Padri mwenyewe, amwambie yote kuhusu roneo na wino kabla hajaambiwa na mwingine. Atamwomba ruhusa ya kukata stensili mpya za roneo: sheria za mchezo kwa maneno yake, kwa Kiswahili cha hapa, bila jina la kampuni yoyote. Ukurasa wa kwanza utakuwa wa kivuli. Padri akikataa, ataandika kwa mkono.

Kwa leo wamebaki kwenye kivuko cha nne, pale walipoachia. Maji yamejaa na upondo anao Ndaya. Dadu iko kwenye kiti kitupu. Albertine ananyoosha mkono, kwa kuwa ni zamu yake kumtupia Ndaya.

"Wacha," Joachim anamwambia. "Leo ni minye."

Anatupa. Inazunguka, inagonga kikombe, inatua kumi na moja. Si nyingi, lakini inatosha: mtumbwi unafika ng'ambo na watu wake wote, miguu imelowa tu. Barthélemy anapiga meza kwa furaha mpaka kwaya inanyamaza.

Gertrude anaandika matokeo kwenye karatasi ya Ndaya, iliyokwisha kulainika kama kitambaa, na kuikunja taratibu.

"Estelle akirudia, kitu ya kwanza atauliza: mulifika wapi?" anasema. "Minye nataka nikuwe na ya kumujibu."