Kipande cha Kapteni

Asubuhi ile ya mwisho Munyiva alimgombeza mumewe Ndambuki kwa kuwasha kuni mbichi. Wakanywa uji wa wimbi na moshi machoni. Kisha Munyiva akachukua jembe akaenda kuziba mtaro uliobomolewa na mvua. Saa nne akarudi, akasema kichwa kinamgonga, akalala. Hakuamka. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tatu, huku Kola. Hadi leo wanaokuja kumpa Ndambuki pole humsimulia habari za bwawa, kana kwamba yeye hakuwepo.

Alikuwepo.

Munyiva alimpikia Mjerumani mmoja mzee pale Mumbuni kwa miaka kumi na mmoja. Jina lake Reimer, fundi wa visima. Siku moja mwaka wa tisini na tano akipangusa picha ya kijana mwenye kofia nyeupe, akauliza ni nani. Reimer hakuficha. Aliingia jeshi la majini akiwa na miaka kumi na tisa. Akiwa na ishirini na nne, katika vita vya pili vya dunia, akapewa nyambizi yake, chombo cha kwenda chini ya maji, na watu hamsini. Safari nne, meli saba alizizamisha. Mwisho Waingereza wakamtoa baharini, wakamfunga. Munyiva akauliza kama kuna meli iliyobeba Keya, askari wetu wa Mwingereza. Reimer akasema ndiyo, ya sita, akaitaja kwa jina.

Jina hilo lilikuwa kwenye barua ya serikali aliyotunza mama yake Munyiva. Kyalo, kaka mkubwa wa Munyiva, alizama na meli hiyo.

Munyiva akavua aproni, akarudi nyumbani. Siku ya nne Reimer akaja na gari lake kuukuu, akasimama nje ya boma. Ndambuki alitaka kumpa kiti. Mgeni ni mgeni. Munyiva akakataa. Reimer akasema ataleta tingatinga achimbe bwawa kwa ajili ya Kyalo. Munyiva akamwambia tingatinga abaki nalo. Bwawa la Kola linachimbwa na mwethya, kikundi cha akina mama. Kila mtu hupimiwa kipande chake, na asiyemaliza hali chakula na wenzake. Akitaka, aje na sepetu.

Akina mama walimtaka Munyiva aache uenyekiti wa mwethya. Nzembi, mwenye ulimi mrefu kuliko jembe lake, akamwambia: "Mwenyekiti, umetuletea muuaji, tena na miguu ya korongo." Munyiva akampimia Reimer kipande cha wajane wazee, si zaidi, si pungufu.

Alikuja misimu miwili ya kiangazi, mikono imejaa malengelenge. Hakuna siku aliyomaliza. Wenzake wakila, yeye aliketi kando na chupa yake ya maji. Siku moja Ndambuki alishika sepetu amsaidie. Munyiva akamwangalia tu. Ndambuki akaiweka chini.

Siku ya mwisho, Septemba ya tisini na saba, mzee yule alimaliza kipande chake, na Nzembi bado anahema kwenye chake. Munyiva akapakua isyo, mahindi na maharagwe, sahani ya kwanza kabisa. Akampelekea kwa mikono miwili, mama yake Munyiva, mwenye miaka tisini, akitazama. Ndambuki hajawahi kumwona mwanamke amesimama wima kama Munyiva siku ile.

Nzembi akauliza kama basi amemsamehe.

Munyiva akasema: "Kusamehe ni ya Mungu na ya Kyalo. Mimi niko na mwethya tu, na huyu amemaliza kipande chake. Wacha akule."