Mguu wa Tatu wa Thoya

Watu wa Mavueni waliokuwa na akili zao miaka ile ya themanini hawajaisahau pikipiki ya Thoya. Haikuwa pikipiki ya dukani. Ilikuwa chuma kikongwe cheusi, kilichoachwa na Mzungu mmoja kwenye banda la nazi na kufufuliwa gereji huko Malindi, na mlio wake ulifika njia panda kabla yake. Lakini ukimuuliza Kadzo, mkewe Thoya, atakwambia mlio si kitu. Kilichokuwa kitu ni miguu.

Thoya alikuwa tarishi wa shamba moja la katani, akitumwa huku na huko kwa pikipiki ya shamba, na vijana wote wakimwonea kijicho. Siku moja mashine ya kukamua katani ikakwama. Haikuwa kazi yake, ila Thoya alikuwa mtu wa kupenda kusaidia, akaingiza mkono kuikwamua. Mashine ikaondoka na vidole vya mkono wa kushoto, ikamwachia gumba na kiganja. Akapewa pole nyingi na akarudi nyumbani.

Sasa, kama hujui, pikipiki huendeshwa na vidole hivyo hivyo. Mkono wa kushoto ndio unaobana klachi ili gia iingie. Bila vidole hakuna klachi, na bila klachi unasukuma mzigo wa chuma tu. Thoya akakaa. Mwaka mzima alikaa kwenye kigoda ukutani, ukimuuliza jambo anakujibu kwa kichwa. Kadzo alikuwa ameolewa na msemaji, mtu wa kumchekesha mkewe mpaka sima inaungua jikoni, na sasa akawa anaishi na kimya. Hicho ndicho kilichomuuma, wala si njaa. Njaa walikuwa wanajuana nayo.

Ni Kadzo aliyesikia habari za Mwaura, fundi wa kutoka bara aliyekuja Malindi kutengeneza magari ya watalii, akaonja samaki wa kupaka na kukataa kurudi kwao. Akamburuta mumewe hadi gereji yake nyuma ya soko. Mwaura akautazama ule mkono bila huruma yoyote, kama anavyotazama kabureta.

"Hiyo mkono haina shida," akasema. "Nani alisema klachi lazima ikae kwa mkono? Wazee wa zamani walikuwa wanakanyaga na mguu."

Basi akaigeuza ile pikipiki iliyoachwa na Mzungu bandani. Klachi akaishusha kwenye mguu wa kushoto, kama ya lori. Gia akaipandisha ubavuni mwa tangi, chuma kirefu chenye kirungu cha mti, akakichonga kile kirungu na kukichonga tena mpaka kikakaa sawasawa kwenye kiganja kisicho na vidole. Breki ya mbele ilikuwa imekufa na vipuri vyake havikupatikana, ikabaki ya nyuma, ya mguu wa kulia. Thoya akaanguka nayo pale gereji mpaka kuku wakamzoea. Kisha akaikamata. Akatoka nayo barabara ya Mambrui, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, anatabasamu, na Kadzo akageukia ukuta wa mabati asije akaonekana analia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kazi ikapatikana: kuchukua samaki Takaungu na kuwafikisha hoteli moja ya Bofa kabla barafu haijawa maji. Ila baina ya Takaungu na Bofa pana mkono wa bahari pale Kilifi, na siku hizo hapakuwa na daraja. Palikuwa na feri.

Na feri ndiyo iliyomkomesha Thoya. Unapoipanda unakwea bamba la chuma lililoinama, na juu ya bamba hilo hilo unasimamishwa ungoje malori yapangwe. Mguu wa kulia umekanyaga breki. Ukiuondoa unarudi kinyumenyume majini. Wa kushoto umekanyaga klachi. Ukiuachia, injini inazima au inakurusha. Na pikipiki ikisimama inataka mguu chini. Mguu upi? Thoya alijaribu kutoa gia na kushusha wa kushoto, lakini akitaka kuondoka lazima aurudishe kwenye klachi, na hapo ndipo alipolala, yeye na samaki wake, mbele ya Kilifi nzima. Wachukuzi wakataka kumshika. Akakataa. Mtu aliyeshikwashikwa mwaka mzima hataki tena kushikwa.

Alipoanguka mara nyingine na kapu la samaki likamgonga abiria, Ochola, msimamizi wa feri, akamwita kando. Hakuwa mtu mbaya. "Bwana Thoya," akasema, "mimi nakuheshimu. Lakini ikianguka tena, hii pikipiki haitapanda hapa. Itaua mtu."

Thoya akarudi nyumbani, akaiegemeza pikipiki ukutani, akaketi kwenye kigoda chake. Kadzo alipomwona pale, mahali pale pale, aliacha chungu motoni. Akakaa chini mbele yake.

"Baba Kitsao," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "wewe una miguu miwili na kazi tatu. Mimi nina miguu miwili haina kazi. Nipakie."

"Ukikaa upande utatuangusha."

"Nani kasema nitakaa upande? Nitatanua."

"Wanawake hawakai hivyo."

"Wanawake wako wangapi hapa? Mimi naona mmoja."

Asubuhi yake alivaa suruali kuukuu ya Thoya, akajifunga leso juu yake. Mavyaa yake, mamake Thoya, alikuwa barazani na tumbaku yake, akasema tangu azaliwe hajaona mke wa mtu amepanda kitu kama mpanda punda. "Ni kweli, mama," Kadzo akamjibu kwa adabu zote. "Lakini punda ana miguu minne." Wakaondoka, na mavyaa akalisemea jambo hilo mpaka Kitsao akalala.

Wakafika ferini, wakakwea bamba, wakasimamishwa. Kadzo akashusha miguu yote miwili, akaikita kama nguzo za nyumba, akaishikilia pikipiki kwa mapaja na kwa dua. Haikutikisika. Ochola akatazama, akatikisa kichwa, akawapungia waingie. Thoya akaachia klachi taratibu, pikipiki ikapanda vizuri, ikaingia katikati ya malori.

Kadzo akabaki. Alikuwa ameambiwa ashushe miguu, kuinua hakuambiwa. Pikipiki ilitoka chini yake akiwa amesimama vile vile, miguu imetanuka, mikono imeshika kiuno cha hewa. Mabaharia wakampigia kelele atoke, bamba linainuliwa, naye kwa kuchanganyikiwa akarukia nchi kavu badala ya feri. Thoya huko ndani alikuwa anaongea peke yake: "Umeona, mama Kitsao? Umeona?" Akageuka. Nyuma yake kulikuwa na mtu wa mkaa.

Kivuko kizima kilivunjika mbavu. Ochola mwenyewe ilibidi aketi. Na Thoya alipofika upande wa pili hakushuka. Alirudi na feri ile ile, samaki na barafu yao, kumfuata mkewe, na kabla feri haijagusa nchi Kadzo alimsikia. Alikuwa anacheka. Kicheko kile cha zamani, cha kuunguza sima, ambacho Kadzo alikuwa ameshakizika. Samaki walifika Bofa wakiwa wamelegea, mpishi akagomba, na wao wawili wakamwitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, huku wakifinyana.

Baadaye wakawa mafundi. Kadzo alijifunza kuusikiliza mgongo wa mumewe: ukikaza, shusha mguu, ukilegea, inua. Haikuhitaji neno. Maneno waliyaweka kwa mengine, maana kutoka Takaungu hadi Bofa ni njia ya kutosha kwa watu wanaopendana kuzungumza, na Thoya alizungumza: habari za mahindi, za ndoto aliyoota, za Mwaura aliyeoa Malindi na kuanza kusema Kiswahili cha watu. Wakati mwingine walikwenda kumwona, akabadilisha oili na kukaza mnyororo, wakala viazi karai wamekaa juu ya magurudumu ya magari ya wenyewe. Pale ferini wauza korosho waliacha kumwita Kadzo kwa jina. Walimwita Mguu wa Thoya, naye akaitika. Siku alizoumwa Kadzo, Thoya hakwenda kazini. Ungemwambia nini mtu ambaye mguu wake unaumwa?

Kisha wakaja wahandisi. Nguzo zikaanza kuota majini, nene, zikarefuka, na kila mtu akafurahi, kwa sababu feri ilikuwa imewachosha watu. Kadzo naye akasema amefurahi. Alikuwa anadanganya. Kila waliposimama pale bambani alizihesabu zile nguzo moja moja, kwani daraja halina bamba, halina wa kukusimamisha, na mtu mwenye miguu miwili anapita peke yake.

"Daraja likiisha utapumzika, mama Kitsao," Thoya akamwambia siku moja.

"Itakuwa vyema," akajibu, na wiki ile mboga zake zote zikazidi chumvi.

Miaka ya themanini ikaisha, na daraja nalo likaisha, likafunguliwa, watu wakacheza ngoma. Asubuhi iliyofuata Kadzo hakuvaa suruali. Alichukua mchi akatwanga mahindi, akayatwanga hata yaliyokwisha kutwangwa. Alimsikia Thoya akifunga kapu, akapiga kiki, injini ikanguruma. Akangoja mlio uelekee njia panda. Haukuelekea popote. Alipoinua macho, mumewe alikuwa palepale juu ya pikipiki, mguu mmoja kwenye klachi, mwingine kwenye breki, anainamia upande kidogo kidogo kama mtu atakayeanguka.

"Huendi? Samaki wanakungoja."

"Nangoja mguu wangu."

"Daraja ni tambarare, baba Kitsao. Hakuna wa kukusimamisha."

Thoya akautazama uwanja wao, uliokuwa bapa kama sinia, hata maji ya mvua yalipotua hayakujua yaelekee wapi.

"Hapa pana mteremko," akasema.

Mavyaa, pale barazani, akautazama uwanja, akamtazama mwanawe, akatema tumbaku.

"Kavae suruali yako, mwanangu," akamwambia Kadzo. "Huoni ataanguka?"

Kadzo akaingia ndani. Suruali ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote, imening'inia kwenye msumari. Akaichukua, akaketi nayo kitandani kidogo kwanza, kwa sababu macho yake hayakuwa yakiuona mlango vizuri, na nje injini ilikuwa inangoja.