Nilikwea minazi sita nikiwa nimefunga, mke wangu akakataa kunikanda mguu

Wakuu, asalaam aleikum. Leo siuzi nazi. Na sitatia chumvi, maana mke wangu anasoma haya nyuma ya bega langu.

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Nilianza kwa kukwea minazi ya watu huku Msambweni. Leo nina shamba langu, pikapu mbili na ghala la nazi Ukunda, na waliosoma wananiita bosi. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Tatizo la ubosi ni kiti. Miaka minane nimekaa tu.

Ramadhani iliyopita mkwezi wangu aliugua. Mwanamisi, huyu mke wangu, fundi wa kushona, akasema tutafuturu bila madafu.

"Bila madafu, na mimi niko hai?"

"Baba Riziki, na hilo tumbo nani atakupandishia mnazini?"

Wakuu, hapo mngekaa kimya?

Saa kumi alasiri, koo limekauka, nilikwea minazi sita mfululizo bila kupumzika. Majirani walipiga makofi. Nilishuka, na madafu yalipatikana.

Miguu iliniuma yote, kwa hiyo siku mbili sikuinuka kitini.

Siku ya tatu shavu la mguu wa kushoto lilivimba, likakaza, likawa la moto. Nikatoa amri: pasha mafuta ya nazi, nikande kwa nguvu. Sisi wakwezi ndiyo dawa yetu, kila maumivu tunakanda.

Mwanamisi alitoa tepu shingoni akanipima kama mtu anayenishonea suruali. Kulia. Kushoto. Akarudia.

"Sikukandi."

"Umenichoka?"

"Minazi ulikwea kwa miguu miwili. Mbona umevimba mmoja? Vaa shati, twende hospitali."

Nilinuna njia nzima.

Daktari alikuwa binti mdogo, akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Iliniuma kuliko mguu. Ultrasound ikaonyesha damu imeganda ndani ya mshipa.

Alinieleza hivi: mtu akijikaza ghafla kupita kiasi, damu inakuwa rahisi kuganda, kama vile mwili unajiandaa kwa jeraha. Aliyezoea mazoezi, mishipa yake inatanuka vizuri na damu inapita. Mimi sikuzoea, sikuwa na maji mwilini, kisha nikakaa siku mbili, damu ikatuama mguuni.

Nikamuuliza, "Na tungekanda?"

"Donge lingeweza kung'oka likaenda kwenye mapafu, mzee. Watu wanakufa hivyo."

Nilimtazama Mwanamisi. Alikuwa anaizungusha tepu kidoleni. Hakusema "nilikuambia". Mpaka leo hajasema, na mimi ningesema siku hiyo hiyo.

Nilimeza dawa za kuzuia damu isigande kwa miezi kadhaa. Sasa kila alfajiri tunatembea wawili, kila wiki tunaongeza kidogo. Nikikaa sana ghalani, simu inalia, ni yeye: "Inuka."

Funzo langu: mazoezi ni mazuri, lakini mwili uliokaa miaka usiushtue siku moja, tena bila maji. Na mguu mmoja ukivimba wa moto, usikande. Nenda hospitali.

Daktari alisema nimepona. Mwanamisi bado ananipima kila Ijumaa, miguu yote miwili. Simwambii kwamba haina haja. Nakunja suruali mapema, namsubiri.

Je wakuu, kwenu nani huwapima? Hebu semeni, na Mwanamisi asome.