Askari wa Gari la Baba

Kila nikifungua kichupa cha kufutia rangi ya kucha na ile harufu ya thina ikanipanda puani, hugeuka nyuma kutazama kama kuna mtu amenisimamia. Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe nacheka, ila si kwa muda mrefu, na nikishawasimulia mtajua kwa nini.

Tulikuwa tunakaa Chamazi, nyumba zikiwa bado chache na vichaka vingi. Baba alikuwa karani, mtu wa bara, na kabla hajahamia Dar kila ndugu alikuwa ameshamwonya kwamba katika mji ule ukisinzia unaibiwa kope. Aliyaamini maneno hayo moja kwa moja. Akinunua gunia la mkaa, alilimwaga lote uani ahakikishe hapo chini hapajajazwa majani. Mama alikuwa akifagia huku akisonya.

Basi mtu wa namna hiyo akapata gari. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, jeupe lakini limepauka, milango imeanza kuliwa na kutu. Baba alitaka lipakwe rangi upya, lifungwe taa mpya za mbele, vioo vya pembeni na rimu. Habari za gereji hakutaka kuzisikia. Kazini walikuwa wamemwambia kwamba gari likilala gereji, linarudi sura yake na matumbo ya jingine. Fundi angekuja nyumbani, afanye kazi uani kwetu, tukimwona.

Siku moja kabla fundi hajafika, baba alichukua kichupa cha rangi ya kucha cha mama, nyekundu, akainamia injini na kuweka nukta kwenye kila kifaa alichokithamini. Mimi, mtoto wa miaka tisa, ndiye niliyemshikia kichupa.

"Akibadilisha tu, tumemkamata," alininong'oneza.

Alipoingia ndani kunawa, nami nikaongeza zangu. Alteneta, kile kifaa kinachochaji betri, baba alikuwa ameilegeza siku hiyo ili abadilishe mkanda wa kuizungushia. Nikaichungulia chini, pale inapobanana na injini, nikachora herufi ya kwanza ya jina langu. Mama alipokuta kichupa kimebaki nusu alihoji nyumba nzima. Mimi nikaenda kuosha vyombo bila kutumwa.

Fundi mwenyewe aliitwa Saidi, mtu wa Newala, mwembamba, mwenye mikono ya taratibu. Kwa kuwa ilikuwa likizo, baba aliniwekea kigoda barazani. "Usibandue macho kwake," alisema huku akifunga mkanda wa suruali, mkanda uleule ambao mimi na kaka yangu tuliujua kwa kazi yake ya pili.

Nikaifanya kazi ile kwa moyo wote. Fundi Saidi akipiga msasa, vumbi jeupe likimjaa hadi kwenye nyusi, namtazama. Akipaka puti kwenye mabonde ya mlango, namtazama. Akipiga mluzi, naamini anampa ishara mwenzake aliyejificha nyuma ya ukuta. Ukifika wakati wa sala ya adhuhuri, alisugua mikono kwa sabuni na mchanga hadi viwikoni, akisugua na kusuuza, akisugua na kusuuza, na mimi nikajisemea kwamba mtu asiye na la kuficha hawezi kunawa hivyo.

Jioni, kabla hajaondoka, alikuwa akiniletea begi lake mwenyewe na kulifungua. "Haya askari, kagua." Ndani yake mlikuwa na kanzu iliyokunjwa, chupa ya chai na kipande cha muhogo ndani ya gazeti. Nilikagua kwelikweli, mpaka chupa naitikisa. Yeye alicheka, na kicheko kile kilinikera sana.

Wiki ya pili alimwambia baba kwamba chini ya buneti nako pangehitaji rangi, hivyo angefungua vifaa viwili vitatu. Baba alikubali shingo upande. Siku ya kufungua, wasichana wenzangu walikuwa wakicheza rede upande wa pili wa ukuta, na wakapungukiwa mtu mmoja. Nikasema naenda mara moja tu. Niliporudi, nimejaa vumbi na koo limekauka, jua la Chamazi lilikuwa limeshaikausha rangi na kila kifaa kimerudi mahali pake. Nikakaa kwenye kigoda kama mtu ambaye hakuwahi kuinuka.

Baba aliporudi kutoka kazini alifunua buneti. Ile alteneta yetu, nyeusi kwa mafuta tangu tuipate, ilikuwa inang'aa. Nukta hapana.

"Hii si yangu," baba alisema.

"Ni yako, mzee. Nimeiosha kwa thina, ilikuwa chafu mno."

Baba akaniita. "Ulikuwepo hapa muda wote?"

"Ndiyo, baba."

"Ulimwona akiiosha?"

"Sikumwona."

Jibu la kwanza lilikuwa uongo, la pili kweli tupu, na yote mawili yalimmaliza fundi Saidi.

Niliikumbuka herufi yangu kule chini. Kufungua boliti kungetosha. Lakini nilimfikiria mama na kichupa chake, nikaufikiria na mkanda, na isitoshe nilikuwa na hakika kwamba yule mtu ni mwizi. Fundi Saidi aliniangalia, kisha akamwangalia baba, kiunoni. Alifungua mdomo, kisha akaufunga, nami nikajua ananitisha. Ndipo akachukua begi lake, akalimwaga mchangani: kanzu, chupa, muhogo.

"Askari, kagua."

Safari hii hakucheka. Na mimi, Mungu anisamehe, niliinama nikakagua.

Aliondoka mlango mmoja ukiwa bado na praima ya kijivu, ile rangi ya kutangulizia. Baba aliumalizia mwenyewe kwa brashi, ukatoka mweupe wa rangi ya ukutani, na watoto wa mtaa wakalibatiza gari letu Kiraka. Mtaa mzima uliambiwa habari za mwizi. Jirani aliyekuwa amemwahidi kazi ya pikapu yake akaivunja ahadi, na tukasikia kwamba hata Mbagala, alikokuwa anaishi, wateja walimkimbia. Nilijiona shujaa.

Mwaka jana alteneta ile ilikufa. Baba ameshastaafu, na gari hajataka kuliuza. Nilikuwa nimesimama pembeni ya fundi umeme alipoichomoa na kuigeuza.

"Dada, mbona huku kuna rangi ya kucha?"

Herufi yangu ilikuwa palepale, nyekundu. Nilikaa chini. Nilipompelekea baba na kumweleza yote, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mtafute," alisema.

Tulimpata Mbagala, anapaka rangi mageti, kichwa kimekuwa cheupe chote. Baba alishindwa kushuka garini. Niliingia peke yangu, nikamwamkia shikamoo, nikaiweka alteneta mbele yake na kumsimulia habari za kichupa, herufi na rede. Aliigeuza, akaikwaruza ile herufi kwa ukucha.

"Sikuiosha vizuri," alisema. "Ningeosha vizuri, na hii ingetoka."

Nilianza kulia.

"Habari ya rede naijua," akaendelea. "Nilikuwa nakusikia kutoka uani, unagombania zamu."

"Sasa mbona hukumwambia baba kwamba sikuwepo?"

"Niliuona mkanda wa mzee wako."

Kisha akaniambia nikamwite mzee wangu aje anywe chai. Nilitoka nikilifuata lile gari lenye mlango wa rangi ya ukutani, machozi hayajakauka, nikiwaza kwamba miaka yote hiyo nilidhani pale uani mlinzi alikuwa mimi.