Dagaa wa Mama Bwire

Debe lilisikika kabla ya mwenyewe kuonekana: ko, ko, ko, nyuma ya majabali ya mtaa wetu wa Mirongo. Kisha sauti: "Dagaa! Hawa wa leo hawana dawa!"

Ninyi mliokua nasi soko huria lilipoingia mnawakumbuka wazazi wetu. Bidhaa zilimwagika mjini ghafla, nao wakazitilia shaka zote. Baba yangu alichemsha shati la mtumba mara mbili na bado akaliita shati la marehemu. Tukirudi kucheza rede, ndimi nyekundu kwa barafu za rangi, alitupanga ukutani atukague kama ng'ombe wa mnada.

Lakini hakuna alichokishuku kama dagaa wa Mama Bwire, jirani yetu mjane kutoka Nansio. Msimu mmoja wa mvua, mchanga wa kuanikia ulipolowa, aliwaanika juu ya magunia aliyopewa na mkulima wa pamba. Aliyafua kwanza, akaamini yametakata. Kumbe yalikuwa yamebeba dawa ya wadudu. Mtaa mzima tulitapika, bata wetu wakafa. Alipita nyumba hadi nyumba kuomba radhi, akayatupa magunia, akaanza kuanika juu ya jiwe. Watu wakamsamehe kwa mdomo, matumbo yakagoma. Dagaa ndio waliomlisha yeye na wanawe, na alishamwambia mama yangu kwamba mtaa ukiendelea kumsusa, atafunga virago arudi Nansio kwa kaka yake.

Mchana mmoja akaingia kwetu na bakuli la dagaa wa kukaanga, wenye nyanya na ndimu, mate yakatujaa. "Shikamoo mama mkubwa!" "Marahaba wanangu." Baba hakusalimia. Alichukua dagaa mmoja, akamrushia kuku mlangoni. Kuku akadonoa mara moja, akaenda zake.

"Umeona? Hata kuku anajua."

"Kuku wako ameshiba, shemeji. Mwenye njaa ni mimi." Akaketi mkekani, akajaza kiganja, akatafuna akimtazama Baba usoni.

"Na ukinifia humu ndani?"

"Nizikeni tu. Ila nakuomba, shemeji, msinianike kwenye gunia."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kanga mdomoni. Baba alijikaza, lakini mabega yakamsaliti, akacheka mpaka akafuta machozi. Akamchagua dagaa mdogo kuliko wote, akamkata kichwa, akamnusa, akala. Kisha akalivuta bakuli zima upande wake, nasi tukaanza kulia njaa.

Siku hizi kosa halizeeki. Wanetu wakimwona mtu anateleza, wanampiga picha, wanaitunza simuni, wanaitoa siku ya harusi yake. Halafu watu haohao wanakula chipsi za mtu wasiyemjua hata jina, bila kunusa! Sisi tulishuku kila kitu, lakini aliyekosea aliweza kuja na bakuli lake, akaketi, akajicheka, nasi tukamtazama usoni akitafuna. Uso ule ndio ninaoutafuta simuni, siuoni.

Mama Bwire alipoaga, Baba alimsindikiza mwenyewe hadi kizingitini.

"Kesho leta kisado kizima," akamwambia. "Lakini kwanza nitakuja kulikagua hilo jiwe."

"Njoo, shemeji. Nitaliogesha."

Akatoka akicheka, na Baba akafunga mlango taratibu nyuma yake.